Paka wa Siamu na pakiti ya barafu: mchoro mzuri unaotufundisha vibaya

Kama ulisoma baiolojia sekondari, huenda umeshauona mchoro huu. Mnyama mweupe, mara sungura wa Himalaya, mara paka wa Siamu, ana masikio meusi, pua nyeusi, miguu myeusi na mkia mweusi. Mgongoni kafungiwa pakiti ya barafu. Kuna mshale. Upande wa pili wa mshale yupo mnyama yuleyule, barafu imetolewa, na pale ilipokuwa pamebaki doa jeusi. Chini kuna maelezo mafupi: mazingira huathiri namna jeni zinavyojionyesha. Basi. Unanakili, mtihani unakuja, alama mbili zinaingia.

Mimi niliunakili mchoro huo nikiwa mwanafunzi, na miaka michache baadaye nikauchora ubaoni nikiwa mwalimu wa mazoezi. Leo nataka tuukague kama watu wanavyokagua filamu au kitabu. Una nini kizuri, unaficha nini, na nani anaumia kwa kile unachokificha? Nauliza hilo la mwisho kwa sababu kuna mtu aliumia, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika chaki.

Ilikuwa mkoani Njombe, mwezi wa Julai. Anayeijua Njombe ya Julai anajua: asubuhi unaandika ubaoni na vidole havitaki kukunja. Nilikuwa na kidato cha nne. Nimemaliza kumchora paka wangu, barafu mgongoni, najiona mwalimu kweli kweli, ndipo kijana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. Alikuwa na ualbino. Akauliza taratibu kabisa: "Mwalimu, mimi nimezaliwa hapahapa. Baridi hii naipata tangu mtoto. Mbona sijapata rangi?"

Darasa likacheka. Mimi nikasema, "Swali zuri, tutalirudia," nikafuta ubao. Hatukulirudia.

Nilijiambia kwamba kijana anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amefanya kile ambacho kila mwalimu wa sayansi anadai anakitaka: amechukua dai lililoko ubaoni, akalipima kwa ushahidi alionao, yaani mwili wake mwenyewe, na dai likashindwa. Kama baridi inaleta rangi, na yeye amekulia kwenye baridi, basi kuna kitu mwalimu hajakisema. Na kweli sikukisema, kwa sababu nilikuwa sikijui.

Kwanza, tuupe haki yake

Sitaki kuuonea mchoro. Jambo la msingi unalolidai ni kweli, na lina historia ndefu.

Paka hawa wametoka Thailand, nchi iliyokuwa ikiitwa Siamu. Huko kuna miswada ya zamani ya mashairi na picha za paka, inayoitwa Tamra Maew, na ndani yake yumo paka mwenye mwili mweupe-mweupe na ncha nyeusi, aitwaye Wichienmaat. Uingereza walimfahamu vizuri baadaye. Mwaka 1884 balozi mdogo wa Uingereza mjini Bangkok, Edward Blencowe Gould, alimpelekea dada yake paka wa aina hiyo, na mwaka 1885 watoto wao walionyeshwa kwenye maonyesho ya paka ya Crystal Palace, London. Tangu hapo wafugaji wakaanza kuwaandikia ukoo, nani kazaa nani, na kuwachagua kwa rangi ya ncha zao.

Wafugaji waliona mapema mambo ambayo hayakuwa na maelezo. Mtoto wa paka wa Siamu huzaliwa karibu mweupe mzima. Siku zinavyokwenda, kingo za masikio zinaanza kukolea, halafu pua, mkia, miguu. Akizeeka, hata mgongo unaingia ukahawia. Na paka aliyenyolewa ubavuni kwa ajili ya upasuaji hurudi na kiraka cha giza mahali palepale.

Mwaka 1930 watafiti wawili wa Kirusi, N. A. Iljin na V. N. Iljin, walichapisha katika jarida la Journal of Heredity majaribio juu ya joto na rangi ya paka wa Siamu. Walimwondoa paka manyoya, kisha wakaangalia yale mapya yanaota na rangi gani kwenye baridi na kwenye joto. Kwenye baridi yaliota meusi zaidi, kwenye joto yaliota meupe zaidi. Kwa hiyo doa jeusi la mchoro wetu halikuzushwa. Na mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalionyesha ni mabadiliko gani hasa ya DNA yanayofanya haya yote.

Mpaka hapo mchoro uko sawa. Sasa tuingie kwenye matatizo.

Barafu haipaki rangi

Mchoro unamfanya msomaji aamini kwamba baridi ni brashi. Weka baridi hapa, weusi unatokea hapa. Na maelezo mengi ya video na mitandaoni yanaongezea neno: "baridi inaiwasha jeni ya weusi."

Hakuna jeni inayowashwa na baridi hapa. Hebu tufuate kazi yenyewe ilivyo.

Rangi ya manyoya, na ya ngozi na nywele zako wewe, ni melanini. Inatengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti, zinazokaa kwenye kinyweleo, pale unywele unapoanzia. Malighafi ni asidi amino iitwayo tairosini. Hatua ya kwanza ya kuibadilisha tairosini kuwa melanini inafanywa na kimeng'enya kiitwacho tairosinesi. Hatua hiyo ikikwama, kiwanda kizima kinasimama, hata kama kila kitu kingine kipo.

Kwenye paka wa Siamu, jeni ya tairosinesi ina kosa la herufi moja. Kwa sababu ya herufi hiyo, mahali pamoja kwenye mnyororo wa protini, asidi amino ndogo iitwayo glaisini imepisha nyingine kubwa yenye chaji, ajinini. Protini inatoka, lakini haihimili joto. Mwili wa paka una nyuzi 38 hadi 39 hivi za Selsiasi. Kwa joto hilo tairosinesi ya Siamu haifanyi kazi inavyotakiwa. Nyuzi chache chini ya hapo inafanya.

Fikiria mshumaa uliosahaulika dirishani Dar es Salaam mwezi wa Februari. Mshumaa upo, nta ipo, utambi upo. Umepinda tu. Hakuna aliyeuzima wala aliyeuwasha. Ndivyo ilivyo tairosinesi ya paka huyu sehemu zenye joto: imetengenezwa, ipo, ila haifai.

Kwa hiyo uamuzi wa rangi haufanywi na baridi. Paka wa Siamu angekuwa wa giza mwili mzima, lakini joto la mwili wake linamfuta kila mahali isipokuwa sehemu zinazopoa: masikio membamba, mkia, nyayo, na uso unaopulizwa na hewa inayoingia na kutoka puani. Kwa madume ongeza korodani, ambazo nazo zinaning'inia nje zipate kupoa. Weusi ndio kazi ya kawaida ya tairosinesi, na weupe ndio unaotaka maelezo. Mchoro umeligeuza swali chini juu.

Sasa utaelewa kwa nini mtoto huzaliwa mweupe. Tumboni mwa mama hakuna sehemu ya baridi. Pua yake, mkia wake, nyayo zake, zote zina joto moja. Akizaliwa, ncha zinakutana na hewa, na manyoya mapya yanaanza kutoka na rangi.

Nimesema manyoya mapya, na hapa kuna dosari nyingine ambayo mtu anaweza kuiona ndogo. Unywele uliokwisha kutoka kwenye kinyweleo ni kitu kilichokufa. Melanini inaingizwa wakati unywele unaota, haiingizwi baadaye. Ukimfungia paka barafu juu ya manyoya aliyonayo, utapata paka mwenye hasira na mwenye rangi ileile. Lazima umnyoe kwanza, kisha manyoya mapya yaote kwenye ngozi iliyopoa. Mara nyingi mchoro unakisahau kiwembe. Na haumalizi hadithi: manyoya yale yakidondoka na kupisha mengine, na mgongo ukiwa umerudi kwenye joto lake, doa linapotea. Kwenye mchoro linabaki milele kama chapa.

Jeni jumlisha mazingira?

Chini ya mchoro, walimu wengi tunaandika fomula. Umbile ni sawa na jeni, alama ya kujumlisha, mazingira. Niliiandika na mimi, tena kwa chaki ya rangi.

Kujumlisha kuna maana yake. Ukisema bei ya chapati mbili na chai ni shilingi kadhaa, unaweza kusema chai ni kiasi gani na chapati ni kiasi gani, kila moja peke yake. Chai haibadiliki bei kwa sababu umeagiza chapati. Je, rangi ya paka iko hivyo? Tunaweza kusema baridi inachangia kiasi gani cha weusi?

Wapeleke paka wanne Njombe mwezi wa Julai. Wa kwanza ni paka mweusi wa kawaida, wa mtaani kwenu. Tairosinesi yake ni nzima, joto la mwili haliisumbui. Baridi inamfanya nini rangi yake? Hakuna. Alikuwa mweusi, ni mweusi.

Wa pili ni paka mwenye ualbino kamili. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba paka wa namna hiyo wamepoteza herufi moja ya DNA ndani ya jeni hiyohiyo ya tairosinesi. Herufi ikidondoka, usomaji wote unaofuata unaharibika, kama sentensi iliyokatwa herufi moja halafu maneno yakagawanywa upya. Kimeng'enya hakitoki kabisa katika umbo linaloweza kufanya kazi. Baridi inamfanya nini? Hakuna. Alikuwa mweupe, ni mweupe.

Wa tatu ni wa Siamu. Huyu ndiye anayebadilika.

Wa nne ni paka wa Kiburma. Mwaka 1930 daktari Joseph Thompson wa San Francisco alipata paka jike wa kahawia kutoka Burma, aitwaye Wong Mau. Kwa kumzalisha na paka wa Siamu na kuwahesabu watoto, Thompson na wenzake waligundua kwamba Wong Mau alikuwa chotara: amebeba nakala moja ya Siamu na nakala moja ya kitu kingine, ambacho ndicho kinachowapa paka wa Kiburma rangi yao. Leo tunajua kuwa hiyo nayo ni tairosinesi yenye kosa, ila kosa mahali pengine. Kimeng'enya cha Kiburma kinadhoofishwa na joto kidogo tu, kwa hiyo paka ni kahawia mwili mzima na ncha zake zimekolea zaidi kidogo. Chotara yuko katikati.

Paka wanne, baridi ileile, majibu manne. Baridi haina kiasi chake maalumu cha weusi inachokileta. Inachofanya kinategemea kimeng'enya inachokikuta, na kimeng'enya nacho kinategemea joto kilipo. Hapo hakuna kujumlisha. Wala hatujataja jeni nyingine. Joto linaamua rangi ikae wapi, lakini ni rangi gani ni habari nyingine: kuna paka wa Siamu wenye ncha za kahawia iliyokolea karibu nyeusi, wenye ncha za chokoleti, za kijivu ambayo wafugaji wanaiita bluu, na hata za rangi ya chungwa. Hizo zinatoka kwenye jeni zao nyingine, na paka ataondoka nazo Bangkok mpaka Njombe bila kubadilika.

Unaona sasa swali la yule kijana lilikuwa limefika wapi? Alikuwa ameuliza, kwa maneno yake, kama baridi inafanya kazi kwa kila mtu au kwa wenye aina fulani ya jeni tu. Na hicho hasa ndicho mchoro wetu hauwezi kukijibu, kwa sababu una mnyama mmoja peke yake. Jaribio lisilo na wa kulinganisha naye. Tungempa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza sifuri kwa jaribio kama hilo.

Macho ambayo hakuna aliyeyachora

Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Mwangalie paka wa Siamu usoni. Macho ni ya bluu. Wengine wana makengeza, na zamani walikuwa wengi zaidi kabla wafugaji hawajaanza kuwakataa kwenye maonyesho. Kuna hadithi kwamba paka hawa walipewa kazi ya kulinda chombo cha thamani cha mfalme, wakakikodolea macho usiku na mchana mpaka yakapinda. Ni hadithi tu, lakini angalau iliyaona macho. Vitabu vyetu havikuyaona kabisa.

Mwaka 1969 mwanasayansi wa ubongo R. W. Guillery alieleza kwamba nyuzi za neva zinazotoka kwenye macho ya paka wa Siamu kwenda kwenye ubongo zimekosea njia. Mwaka 1971 David Hubel na Torsten Wiesel, ambao miaka kumi baadaye walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya kuona, walilifuatilia jambo hilohilo ndani zaidi. Kwa kawaida, nyuzi za nusu ya jicho iliyo upande wa pua zinavuka kwenda upande wa pili wa ubongo, na za nusu iliyo upande wa sikio zinabaki upande wake. Hivyo macho mawili yanakutanisha picha zao. Kwa paka wa Siamu, sehemu ya nyuzi zilizotakiwa kubaki nazo zinavuka. Picha mbili hazikutani sawasawa, na kuona umbali kwa macho mawili kunapungua. Makengeza yanahusiana na hitilafu hiyo.

Rangi ya manyoya inahusianaje na nyaya za ubongo? Nyuma ya retina kuna safu ya seli ambazo kwa kawaida zimejaa melanini. Jicho linapotengenezwa tumboni, uwepo wa melanini kwenye safu hiyo unahusika na namna retina inavyokua na njia ambazo nyuzi zake zinachagua. Na tumboni, kama tulivyosema, ni joto. Tairosinesi ya Siamu haifanyi kazi. Wakati nyuzi zinachagua njia, melanini inayotakiwa haipo.

Angalia hii inamaanisha nini. Baada ya kuzaliwa, hewa inaweza kumtia paka weusi masikioni wiki baada ya wiki. Nyaya za macho haiwezi kuzirudisha. Mwili mmoja, jeni moja, kimeng'enya kimoja, lakini jambo moja linasahihishika kila manyoya yanapoota upya, na jingine limefungwa kabla ya kuzaliwa. Hilo ndilo somo kubwa la mazingira na jeni alilolibeba paka huyu: siyo tu mazingira gani, bali mazingira wakati gani. Mchoro wa barafu umechukua nusu rahisi ukaiacha nusu nzito.

Na nusu nzito inatuhusu. Mwaka 1975 Guillery, safari hii pamoja na A. N. Okoro na C. J. Witkop, walieleza ubongo wa mtu mwenye ualbino, na wakakuta njia za macho zina hitilafu ya aina hiyohiyo. Watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu kwa sababu sehemu ya katikati ya retina, ile inayotupa uwezo wa kuona vitu vidogo, haikukua vizuri, na kwa sababu ya njia hizo za neva. Macho kuchezacheza nako ni sehemu ya hali hiyo. Miwani inasaidia kwa kasoro nyingine za jicho, na inafaa kuvaliwa, lakini haiwezi kurekebisha kile kilichojengwa tumboni.

Sasa fikiria darasa. Mwanafunzi amevaa miwani, yuko dawati la mbele, na bado anasogea ubaoni kusoma. Mwalimu anamwambia, "Si una miwani wewe, mbona huoni?" Mwalimu huyo hana ubaya moyoni. Amefundishwa kwamba ualbino ni rangi, nukta. Amefundishwa na mchoro wenye manyoya na usio na macho. Mimi mwenyewe nilikuwa naandika herufi ndogo ubaoni ili nafasi itoshe kumchora paka.

Jibu ambalo sikulitoa

Kama ningerudi kwenye darasa lile, ningejibu hivi.

"Umeuliza swali ambalo mchoro wangu hauwezi kulijibu, kwa hiyo kosa ni la mchoro. Baridi inaleta rangi kwa paka huyu tu kwa sababu ana kimeng'enya cha aina fulani kinachoshindwa kwenye joto. Wapo watu wachache duniani wenye hali inayofanana: mwaka 1991 watafiti walieleza familia ambayo tairosinesi yao ilipoteza nguvu joto lilipofika kati ya nyuzi 35 na 37, na watu hao walikuwa na nywele nyeupe kichwani na za rangi mikononi na miguuni. Lakini aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi kwetu Afrika ni nyingine kabisa. Inatoka kwenye jeni iitwayo OCA2, siyo ya tairosinesi. Mwaka 1995 watafiti walichunguza watu wenye ualbino wa Tanzania, wakakuta wengi wamepungukiwa kipande kilekile cha jeni hiyo. Kipande kilichokatika hakirudishwi na baridi wala joto. Unakipata pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba nakala yenye kasoro, na wao wenyewe wanaweza wasijue. Njombe haikukunyima kitu. Na nimeandika herufi ndogo leo, samahani, nitaandika kubwa."

Jibu hilo lingechukua dakika tatu. Sikuwa nalo. Na darasa likaondoka na wazo kwamba swali lilikuwa kichekesho, na kwamba labda, kwa namna fulani, kijana ndiye asiyefuata sheria ya kwenye kitabu.

Ndiyo maana siwezi kuuchukulia mchoro huu kama kosa dogo la kurahisisha. Kurahisisha tunafanya sote. Blogu hii inaishi kwa kurahisisha. Lakini kuna kurahisisha kunakomwachia msomaji njia ya kuuliza zaidi, na kuna kule kunakoufunga mlango halafu kunamfanya anayegonga aonekane mjinga. Mchoro wa barafu unajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, na unanyamaza mbele ya swali la kwanza la mtu anayelihitaji jibu.

Kama wewe ni mwalimu, au unaelekea kwenye mazoezi mwaka huu, sikuombi umtupe paka. Ni mnyama mzuri wa kufundishia, kuliko mbaazi za Mendel pengine. Nakuomba ubadilishe mchoro. Chora paka watatu mstari mmoja: mweusi, mwenye ualbino, na wa Siamu. Chini yao wachore tena, kila mmoja kanyolewa mgongo na kukaa kwenye baridi. Kiwembe kionekane. Waulize wanafunzi nani atabadilika kabla hujawaonyesha. Kisha chora mtoto wa Siamu akiwa tumboni, mweupe mzima, na mstari mmoja kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Waache waulize kwa nini umechora mstari huo.

Na ukiandika, andika herufi kubwa.